Mshahara hauna pa kujificha

Kufikia tarehe 9 ya kila mwezi, ushuru wa mapato wa kila mfanyakazi wa kiwanda chetu huwa umeshaingia serikalini. Haujapata kuchelewa tangu nilipokabidhiwa meza ya mishahara. Mwenye mshahara haulizwi kama mwezi huu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, wala kama mama yake amelazwa hospitali huko mashambani. Mimi ndiye ninayemkata, kwa niaba ya Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA), kabla hajashika hata shilingi ya jasho lake.

Nimeifanya kazi hii sehemu kubwa ya maisha yangu, hapa katika eneo la viwanda la Nairobi, na naamini ushuru ni jambo la haki. Shule niliyosomea ilijengwa kwa ushuru. Lakini kila ninapofunga hesabu za mwezi naona jambo linaloniuma na kunitia hofu: katika nchi hii anayeishi kwa kazi yake anatozwa zaidi kuliko anayeishi kwa mali yake, na miaka ya karibuni imelipanua pengo hilo. Tukiuliza kwa nini tabaka la kati linapungua, jibu moja kubwa limo katika hati za mshahara ninazozichapa.

Tuchukue fundi wa mitambo anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2022 mfuko wa pensheni wa NSSF ulichukua shilingi 200 tu, bima ya afya ya NHIF 1,300, na ushuru wa mapato kama 10,130. Alikwenda nyumbani na takriban 48,370. Mwaka 2025 mshahara wake ni ule ule 60,000, maana kampuni yake haijapandisha. NSSF inachukua 3,600. SHIF, iliyoshika nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, ambayo kwake ni 1,650. Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ni 900. Ushuru wa mapato ni kama 8,540. Anabaki na takriban 45,310.

Nataka kuwa mkweli katika hesabu hii. Ushuru wenyewe umepungua kidogo, kwa sababu tangu mwisho wa 2024 sheria inaruhusu makato ya afya na ya nyumba yaondolewe kwanza kabla ya ushuru kupigiwa hesabu. Na zile 3,600 za NSSF ni akiba yake ya uzeeni, si hasara. Lakini akiba ya uzeeni hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu. Fundi huyu amepungukiwa na kama shilingi 3,000 mkononi kila mwezi katika kipindi kile kile ambacho ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, Julai 2023. Ambacho lita ya petroli ilifika shilingi 217 Nairobi, Oktoba mwaka huo. Na ambacho dola ilipita shilingi 160, Januari 2024. Dola ilishuka baadaye, petroli pia ikashuka. Nauli ya matatu haijarudi ilikokuwa.

Kuna jambo ambalo mtu asiyeketi kwenye dawati la mishahara huenda asilione. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara, ili theluthi moja ifike mkononi mwa mfanyakazi. Ofisini tunaiita theluthi, basi. Kwa fundi wetu ni shilingi 20,000. Kwa miaka mingi theluthi ilikuwa ukuta wa kumlinda mtu dhidi ya madeni, na ndani ya ukuta huo watu wa kawaida walijenga maisha. Mtu alichukua mkopo wa sako, yaani chama cha akiba na mikopo, akanunua ploti ya hamsini kwa mia kule Joska au Kamulu, kisha mkopo mwingine wa mawe, mwingine wa mabati. Alijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka. Hivyo ndivyo wenzangu wengi walivyotoka katika nyumba za kupanga. Hawakuwa na urithi wala mjomba serikalini. Walikuwa na hati ya mshahara iliyokaa juu ya theluthi, na wenzao waliokubali kuwadhamini.

Makato mapya yalipoanza kupangana kuanzia 2023, watu ambao mikopo yao ilipigiwa hesabu za zamani walijikuta chini ya mstari. Siwezi kuugusa ushuru, siwezi kuigusa ada ya nyumba, wala NSSF, wala SHIF. Hayo ni ya lazima kwa sheria. Kilichobaki cha kupunguza ni marejesho ya sako. Mkopo uliopangwa kwa miaka minne ukawa wa sita, na riba ikarefuka pamoja nao. Na pale sako iliposhindwa kungoja, iliwageukia wadhamini. Watu wa mbali na mambo haya hawajui uzito wa neno hilo. Mdhamini ni mfanyakazi mwenzako ambaye akiba yake imeshikwa kwa ajili ya mkopo wako. Mmoja akianguka, anaanguka na wanne.

Mama mmoja wa stoo, ana watoto watatu, alianza kukatwa kwa mkopo wa mtu aliyekwisha kuondoka kazini. Alikuja dirishani kwangu na hati yake mkononi akaniuliza, "Mama, mimi nimekosa nini?" Nilimweleza utaratibu, nikamwonyesha fomu aliyoitia sahihi. Lakini hilo halikuwa jibu la swali lake, kwa kuwa hakuna alichokosa. Alimdhamini mwenzake kama na yeye alivyodhaminiwa wakati akinunua ploti yake. Ile imani iliyokuwa ikituwezesha, sisi tusio na mali, kukopeshana kwa majina yetu, ndiyo inayovunjika. Siku hizi nikipitisha fomu ya mkopo naona watu wanaikwepa. Na aliyekosa wadhamini au aliyeishiwa theluthi huenda kwa mikopo ya simu, ambayo haionekani kwenye hati yangu na ambayo bei yake ni ghali mara nyingi kuliko sako yoyote.

Ngazi za ushuru zenyewe zinastahili kusomwa na kila Mkenya. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata, asilimia 25. Ukishapita 32,333, kila shilingi inayofuata hutozwa asilimia 30, na kiwango hicho hakisogei mpaka ufike 500,000. Muuguzi mwenye mshahara wa 45,000, mwalimu mkuu, fundi wetu, na meneja wa shilingi 490,000, shilingi yao ya mwisho inakatwa sawasawa. Juu ya hapo kuna asilimia 32.5, na kupita 800,000 ni 35. Yaani kutoka kwa muuguzi mpaka kwa mtu wa milioni kwa mwezi, tofauti ya kiwango ni pointi tano. Ile nafuu ya shilingi 2,400 anayopewa kila mfanyakazi iliwekwa mwaka 2020, wakati wa Korona, na hadi 2025 haikuwa imeongezwa hata shilingi, ingawa kila kitu kinachonunuliwa kwa shilingi hizo kimepanda bei. Tangu 2021 serikali haikuhitaji kupandisha kiwango cha ushuru wa mtu wa kati. Iliacha tu ngazi zikae pale pale huku bei zikipanda chini ya miguu yetu.

Sasa tumwangalie mwenye mali. Februari 2024 Benki Kuu iliuza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka. Serikali ilikuwa imetafuta shilingi bilioni 70. Ikaondoka na takriban bilioni 241, kwa sababu wenye fedha walipanga foleni. Riba ya bondi hizo haitozwi ushuru kabisa. Aliyeweka shilingi milioni 10 anapokea shilingi 1,846,000 kwa mwaka, sawa na karibu 153,800 kwa mwezi, na zote ni zake. Mtu wa kiwandani kwetu anayelipwa 153,800 kwa kazi, yule anayeamka saa kumi usiku na kusimamia zamu, kwa hesabu za 2025 analipa ushuru wa mapato wa shilingi 35,000 na ushee. Ongeza afya, nyumba na NSSF, makato yake yanafika kama 46,000. Kiasi kile kile cha pesa, mwezi ule ule, nchi ile ile.

Najua mifuko ya pensheni na baadhi ya sako pia hununua bondi, na najua mtu wa kipato kidogo anaweza kununua kiasi kidogo. Lakini msamaha wa ushuru hufuata ukubwa wa fedha. Aliye na laki moja anasamehewa vijisenti. Aliye na milioni mia anasamehewa mamilioni. Na riba hiyo inalipwa na nani? Deni la taifa limepita shilingi trilioni 11, na linalipwa kutokana na ushuru, pamoja na ule ninaoutuma kabla ya tarehe 9. Fundi wetu anakatwa ili mwenye milioni 10 alipwe bila kukatwa. Sijui njia ya wazi zaidi ya kuhamisha pesa kutoka chini kwenda juu, na tunaifanya kwa sheria tulizopitisha wenyewe.

Kodi za nyumba ziko hivyo hivyo. Tangu Januari 2024 mwenye nyumba za kupangisha ambaye mapato yake ya kodi hayazidi shilingi milioni 15 kwa mwaka anatozwa asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya. Kabla ya hapo ilikuwa 10. Ilishushwa na sheria ile ile ya fedha ya 2023 iliyotuletea makato ya nyumba. Mwenye jengo la vyumba 40 huko Pipeline, kila chumba shilingi 15,000, anakusanya 600,000 kwa mwezi na kutakiwa kulipa 45,000. Mwajiriwa wa 600,000 hulipa ushuru wa mapato wa karibu 165,000. Mwenye jengo ana mkopo wa kulipa na mabomba ya kutengeneza, sikatai, na asilimia hiyo anatozwa bila kuondoa gharama. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuelezwa na mabomba. Na akifariki akawaachia watoto wake majengo kumi, Kenya haina ushuru wa urithi. Shirika la Oxfam limewahi kukadiria kwamba Wakenya 8,300 hivi, ambao hawafiki asilimia 0.1 ya watu wote, wana mali nyingi kuliko waliobaki wote kwa pamoja. Mali ya namna hiyo haikusanywi kwa mshahara.

Baba yangu alikuwa karani wa reli. Alitoka Voi na sanduku moja, akapewa nyumba ya shirika Makongeni, na katika nyumba ile tulilelewa watoto sita kwa mshahara mmoja. Mama aliuza maandazi, lakini maandazi yalikuwa ya sukari na viatu vya Krismasi. Hayakuwa ya karo. Ukiugua ulikwenda zahanati ya reli. Kaka yangu mkubwa alikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi na serikali ikampa malazi, chakula, na zile pesa za mfukoni tulizoziita boom, ambazo nyingine alimtumia mama. Hatukuwa matajiri. Nyama ilikuwa ya Jumapili. Lakini baba alijua, na sisi tulijua, kwamba kesho itakuwa bora kuliko leo, na matumaini hayo yalikuwa na misingi ya mawe: shule ya umma, hospitali ya umma, nyumba ya mwajiri. Wenzake waliopanda vyeo walihamia Buru Buru, mtaa uliojengwa miaka ya 1970 na mapema 1980 kwa ajili ya watu wa mishahara ya kati, wakilipa mkopo wa nyumba kidogo kidogo mpaka ukaisha.

Misingi hiyo ilibomolewa wakati wa mageuzi ya uchumi yaliyoshinikizwa na wakopeshaji wa nje. Ada za hospitali za serikali zililetwa Desemba 1989. Mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu walitakiwa kuchangia gharama. Nilikuwa msichana wakati huo, na nilimwona baba akikaa mezani na kalamu, akijaribu kupanga upya kitu ambacho hakikuwa chake kukipanga. Elimu ya msingi ilirudishwa bila karo mwaka 2003, na ninaishukuru serikali ya wakati ule kwa moyo wote. Lakini madarasa yalijaa, walimu hawakuongezwa kwa kasi ile, na mwenye mshahara akampeleka mtoto wake shule ya kibinafsi.

Hapa ndipo tunapokamuliwa mara ya pili. Mkazi wa mtaa kama wangu, Donholm, analipa ushuru wa shule kisha analipa karo ya shule ya kibinafsi. Analipa SHIF kisha anachangisha kwa jirani mtu akilazwa, kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu bili imezidi. Analipa kaunti kisha ananunua maji ya mitungi, na majengo mengine huita lori la maji. Analipa polisi kupitia ushuru kisha analipa askari wa lango. Shilingi zile 45,310 za fundi wetu hazina budi kununua upya karibu kila kitu ambacho baba yangu alikipata kwa kuwa raia. Kwa tajiri, hospitali ya umma ikifa hakuna linalobadilika. Anakwenda ya kibinafsi au anapanda ndege. Kwa maskini kabisa ni msiba, na mara nyingi ni kifo. Kwa mtu wa kati, bili moja ya chumba cha wagonjwa mahututi inatosha kuuza ploti ya Joska.

Na Buru Buru ya leo iko wapi? Nchi hii ya watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 tu. Nyumba za bei nafuu zinazojengwa kwa ada tunayokatwa, naziona zikisimama na siziombei mabaya. Lakini fundi wetu anakatwa 900 kila mwezi bila ya kuwa na haki yoyote ya moja kwa moja kwenye nyumba hizo. Atatuma maombi na kungoja kama mtu mwingine, huku mshahara wake ukiwa umepungukiwa na uwezo wa kulipia nyumba yenyewe.

Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba Mwafrika mmoja kati ya watatu ameingia tabaka la kati. Tulisherehekea, magazeti yakaandika kuhusu maduka makubwa na magari. Waliosoma ndani waliona kwamba benki ilihesabu kila anayetumia kati ya dola 2 na dola 20 kwa siku, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wanaelea kati ya dola 2 na 4, hatua moja tu kutoka kwenye ufukara. Wengi wa hao hawakuwahi kufika kokote. Walipewa jina la tabaka la kati, wakapewa na mizigo yake.

Kazi zenyewe zinabadilika. Orodha yangu ya wafanyakazi wa kudumu inazidi kufupika. Nafasi ya anayestaafu haipewi mtu wa kudumu. Analetwa kijana wa mkataba wa miezi mitatu kupitia kampuni ya wakala, anafanya kazi ile ile kwa malipo madogo, hana bima ya kampuni, na sako haimkubali kwa kuwa haijulikani kama mwezi wa nne atakuwapo. Hiki si kisa cha kiwanda kimoja. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba kati ya kazi mpya 782,300 zilizopatikana mwaka 2024, kama 703,700 zilikuwa za sekta ya jua kali. Kijana aliyesomeshwa kwa mkopo wa wazazi anauza simu kando ya barabara na digrii yake iko kabatini. Nilipowaona vijana wakiingia barabarani Juni 2024 kupinga mswada wa fedha uliotaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, nilijua ni watoto wa akina nani. Walikuwa watoto wa hati zangu za mshahara, waliolelewa Umoja, Kayole na Donholm, walioambiwa wasome watafika mahali. Makumi yao waliuawa. Rais aliuondoa mswada ule, lakini muundo wa ushuru uliowaleta barabarani bado uko.

Nimesikia hoja kwamba sisi wa mishahara ni wachache, kama milioni tatu katika nchi nzima, na kwamba mama mboga na mwendesha boda boda ndio wanaostahili huruma. Wanastahili, na sidai kwamba maisha yangu ni magumu kuliko yao. Ila muulizeni mama mboga wangu, anayeuza hapa nje ya lango la mtaa. Wateja wake ni sisi. Zamani tulinunua sukuma wiki ya wiki nzima na mafuta ya lita. Sasa mwalimu wa shule ya upili anasimama kwake kununua mafuta ya kupimwa ya shilingi ishirini na nyanya mbili. Kile tunachokiita uchumi wa kadogo kilikuwa cha maskini wa mabanda, na kimepanda ngazi mpaka kwa watu wenye hati za mshahara. Tukikatwa sisi, yeye anashinda na mboga zinanyauka. Wanaotupambanisha, mwenye mshahara dhidi ya mwenye kibanda, wanatunyima nafasi ya kuuliza kuhusu walio juu yetu sote.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki na fedha za umma zijenge jamii yenye usawa. Naomba wabunge waisome kabla ya sheria nyingine yoyote ya fedha kuletwa mbele yao. Waisogeze ile ngazi ya asilimia 30 kutoka 32,333 hadi angalau 60,000, na waipandishe nafuu ya 2,400 kila mwaka kadiri bei zinavyopanda, bila kungoja huruma ya waziri. Waweke ngazi za juu zaidi kwa mishahara mikubwa kweli, ikiwemo yao wenyewe. Waondoe msamaha wa ushuru kwa riba ya bondi inayozidi kiasi fulani, tuseme shilingi milioni moja kwa mwaka, ili akiba ya mjane isiguswe lakini mapato ya mamilioni yachangie. Kodi za nyumba za mapato makubwa zitozwe kwa ngazi kama mshahara, gharama halali zikiondolewa. Na ushuru wa urithi kwa mali kubwa ujadiliwe wazi, katika vikao vya umma, sisi wa mishahara tukiwepo.

Tutaambiwa mali haionekani kwa urahisi kama mshahara, na kwamba wenye fedha watazihamisha. Majengo ya Kilimani na Pipeline hayahamishiki. Umiliki wa ardhi ya Nairobi umo katika mfumo wa Ardhisasa tangu 2021. Bondi zimeandikwa katika daftari la Benki Kuu, jina la mwenyewe, kiasi chake, na tarehe ya kila malipo ya riba, na serikali yenyewe ndiyo inayotuma malipo hayo. Kama inaweza kumlipa mtu riba kwa tarehe, inaweza kumkata siku hiyo hiyo kabla pesa hazijafika kwake, kama inavyomtaka karani wa mishahara afanye kwa fundi wa mitambo kila mwezi.